Naomba ushauri: eka tatu za mikarafuu, Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Tuna eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964, upande wa Wete. Mikarafuu mingi imezeeka. Mingine imekauka kuanzia kileleni, gome linabanduka ukiligusa, na msimu ukija wachumaji wanaogopa kuipanda, nami nawaelewa. Karafuu tunayopata inaanikwa jamvi moja ikaisha.

Kaka yangu anataka tung'oe yote tupande migomba na muhogo, maana chakula hakingoji. Mkarafuu mchanga hukaa miaka mitano hadi minane ndiyo uanze kuzaa. Hoja yake nzito. Lakini mimi roho inakataa. Tangu kimbunga cha 1872 kiliposomba mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo imebeba zao hili, na fedha za kigeni za Zanzibar kwa miaka mingi zimetoka kwenye majamvi yetu. Kila mwenye shamba akifanya kama sisi, nchi itabaki kutegemea watalii peke yao, na wakati wa korona tuliona hoteli zilivyofungwa.

Nawauliza mliokwisha kupanda upya: mlichanganya miche na migomba kwa kivuli? Mliachiana nafasi gani? Taratibu za ruhusa ya kukata mikongwe zikoje? Na je, pilipili manga au vanila vinalipa kweli kwa mkulima mdogo, au ni maneno tu? Tafadhali semeni mliyoyafanya shambani kwenu, tunataka kuamua kabla ya masika.