Tupeane uzoefu: kitabu cha maktaba kilichozua maneno nyumbani kwako

Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, Pasua. Kila mwaka zikifika zile siku maalumu, 15 Mei ya familia, 13 Juni ya watu wenye ualbino, 7 Julai ya Kiswahili, vitabu vinapangwa mezani, watu wanapiga picha, kesho yake vimerudi rafuni. Mimi nataka vile ulivyoazima vikaingia ndani ya nyumba. Naanza.

Binti yangu yuko kidato cha tatu. Alikuja na Takadini, riwaya ya Ben Hanson: Sekai anatoroka na kichanga chake chenye ualbino kisije kuuawa. Jina lenyewe ni kama kusema "tumefanya nini?" Mimi nachambua mchele, yeye anasoma kwa sauti, ghafla kanyamaza. "Mama, kuna msichana darasani mwenye ualbino, tunamwita mvivu. Hanakili kitu. Kumbe haoni ubao!" Anakaa nyuma kabisa, dirishani, jua lote la kwake. Na mimi haya ya ualbino na macho kutoona mbali nayajua, nimepanga nyumba moja na mama mwenye ualbino, mafuta yake ya kukinga jua, Kilisun, nimemfuatia mara ngapi hospitali ya KCMC. Mwanangu sikuwahi kumwambia lolote. Kesho yake kabadilishana dawati na yule mwenzake. Mwalimu kawagombeza wote wawili kwa kuhama bila ruhusa 😅

mtoto_wa_kilombero: Kwangu ni Watoto wa Mama N'tilie, cha Emmanuel Mbogo. Mama alikuwa anapika soko la Kilombero, Arusha. Mwalimu alipoandika jina la kitabu ubaoni, darasa zima likanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke. Jioni nikamsomea mama akiwa anasugua masufuria kwa majivu. Nilidhani atalia. Wapi! Kaniuliza, "Huyo mwenzangu, wateja wa mkopo wanamlipa?"

mzee_wa_kibosho: Sisi tuna kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, mwaka wa sita, mimi na kaka yangu hatusalimiani. Baba macho yamechoka, nikamwazimia Adili na Nduguze cha Shaaban Robert niwe namsomea. Mle Adili anawachapa manyani wawili kila usiku, kumbe ni ndugu zake waliomfanyia hila kwa husuda. Baba kasikiliza, kisha, "Rudia hapo pa fimbo." Nikarudia. "Tena." Mara ya tatu ndipo nikashtuka: katika hesabu ya mzee, Adili ni nani na nyani ni nani? Sikuthubutu kuuliza. Kitabu nimekiongezea muda mara mbili. Kesi iko palepale.

mtoto_wa_kilombero: Shikamoo mzee. Hapo pa fimbo nimecheka peke yangu kwenye kifodi (daladala), watu wananiangalia.

mama_wawili_ngarenaro: Nyie mna bahati. Mwanangu wa pili ana usonji. Mwaka jana Aprili nikaenda maktaba fulani, siitaji, nimeona tangazo wana vitabu vya siku ya usonji. Kweli vipo, vizuri, vya picha. Ndani ya kabati la vioo, kufuli. Ufunguo uko kwa mtu aliye likizo. Mwanangu kasimama pale anagusa kioo kwa kidole, anafuata mstari wa treni kwenye jalada, anarudi mwanzo, anafuata tena. Nusu saa nzima. Mhudumu alikuwa mtu mwema, kaleta kiti. Kiti! Mwisho tumeondoka na gazeti la juzi.

Mleta mada: Pole sana dada. Ufunguo ukirudi kutoka likizo tupe taarifa. Walioniuliza kwa ujumbe binafsi (PM) kuhusu yule msichana: sasa wote wawili wako mbele, dawati moja, mwalimu amekubali, na kofia anaivaa mpaka darasani. Takadini tumeimaliza, binti anataka cha Adili na manyani. Kaambiwa maktaba kiko kimoja tu na kimeazimwa. Shikamoo mzee wa Kibosho, unarudisha lini?