Majengo ya umma kugeuzwa hoteli za kifahari: tunayaokoa au tunayauza?

Mwendambali (mleta mada)

Wakuu, kila zikitoka orodha za hoteli mpya ambazo mtu anaambiwa afunge safari kwa ajili yake, naona jambo moja linajirudia. Nyingi si mpya. Ni majengo ya zamani yaliyovuliwa kazi yake. Iliyokuwa Wizara ya Vita ya Uingereza pale Whitehall, London, jengo lililokamilika mwaka 1906, tangu Septemba 2023 ni Raffles. Uliokuwa ubalozi wa Marekani pale Grosvenor Square, kazi ya mbunifu Eero Saarinen, tangu Septemba 2025 ni Chancery Rosewood. Kule Sydney jengo la Idara ya Elimu limekuwa Capella mwaka 2023. Washington nako Posta ya zamani, ya mwaka 1899, sasa ni Waldorf Astoria.

Mimi safari zangu huzipanga kuanzia hoteli, sifichi. Wengine huanza na makumbusho, wengine ufukwe, mimi naanza na mahali nitakapolala. Kwa hiyo msinisome kama mtu anayechukia anasa. Ninachouliza ni hiki: jengo lililosimama kwa kodi ya wananchi, likigeuzwa hoteli ambayo wengi wao hawawezi kulipia hata usiku mmoja, limeokolewa au limeuzwa?

Msimamo wangu nautoa mapema. Linaweza kuokolewa, ila kwa sharti: dola ibaki na hati ya umiliki, na mkataba utaje kwa maandishi mlango upi, sehemu ipi na saa ngapi mtu asiyelala pale ataingia. Ahadi za siku ya kukata utepe sizihesabu. Karibuni.

Tofali

Mleta mada, masharti ni rahisi kuyaandika kama si wewe unayewalipa mafundi. Nimo kwenye kazi za ukarabati wa majengo ya mawe, ngoja nikwambie hela inaishia wapi. Jengo la ofisi la miaka mia lina korido ndefu na vyumba vingi pande mbili, umbo linaloifaa hoteli kuliko matumizi mengine mengi. Sasa kila chumba kinataka bafu, na hakuna bomba lililowahi kupita hapo. Unapasua sakafu, unapitisha maji safi, maji taka, viyoyozi, nyaya, vinyunyizio vya kuzima moto, na yote hayo bila kugusa dari la plasta wala ngazi ya marumaru, maana mamlaka ya urithi imekusimamia mgongoni. Mafundi wa plasta ya aina ile ni wachache, na wenyewe wanajua kuwa ni wachache, kwa hiyo bei wanapanga wao.

Ndiyo maana mnaona makazi yanauzwa humo humo ndani ya hoteli. Whitehall ina vyumba 120 vya wageni na makazi 85 ya kuuza. Waldorf Astoria ya New York ilifungwa Machi 2017 ikiwa na vyumba zaidi ya 1,400, ikafunguliwa 2025 na vyumba 375, na sehemu kubwa ya nafasi iliyobaki ni makazi. Mnaita tamaa, lakini mauzo hayo ndiyo yanayobeba deni la ujenzi kabla mgeni wa kwanza hajapewa ufunguo. Serikali ya Uingereza ililiachia jengo la Whitehall kwa mkataba wa miaka 250, kwa zaidi ya pauni milioni 350. Mlitaka waendelee kulipia paa linalovuja?

Dada_wa_Stesheni

Miaka 250 ni kupangisha, au ni kuuza kwa aibu? Nauliza tu.

Mwendambali

Dada, ndiyo maana nikataja hati *na* mlango kwa pamoja. Hati ya kurudishiwa baada ya vizazi kumi haimsaidii aliye hai leo.

Tofali, nikupeleke Paris. Simama Place de la Concorde utazame kaskazini. Utaona majengo mawili pacha ya karne ya 18, sura zake zote zimechorwa na mbunifu Ange-Jacques Gabriel. La kushoto ni Hôtel de Crillon, hoteli tangu 1909, iliyofungwa 2013 kwa ukarabati na kufunguliwa tena 2017. La kulia ni Hôtel de la Marine, ambalo licha ya jina lake halikuwa hoteli. Lilikuwa makao ya jeshi la majini kwa zaidi ya miaka 200. Jeshi lilipotangaza kuhama, serikali ilitaka kulipangisha kwa mwekezaji binafsi kwa miaka mingi. Wanahistoria wakapiga kelele, wananchi nao wakaingia. Mwaka 2011 ikaundwa tume chini ya rais mstaafu Valéry Giscard d'Estaing, na mpango ule ukafa. Juni 2021 jengo lilifunguliwa kama makumbusho.

Na hela je? Ghorofa za juu zimepangishwa kama ofisi, FIFA ikiwa miongoni mwa wapangaji wa mwanzo. Uani unapita bila tiketi. Pacha wa kushoto analaza wenye uwezo, wa kulia anapokea kila mtu, na wote wawili wamesimama vizuri. Kwa hiyo usituambie hakuna njia nyingine ya kuokoa jengo.

Tofali

Paris si mfano, mkuu. Ukiwa na jengo kwenye uwanja maarufu kama ule, hata ngazi yake ungeuza tiketi. Tazama kasri la Versailles hapo jirani. Pembeni yake kuna Le Grand Contrôle, jengo la 1681, lilikuwa limechakaa vibaya. Kasri linapokea watu kwa mamilioni kila mwaka, bado pesa ya jengo la pembeni haikupatikana. Ikabidi mwekezaji apewe kwa mkataba alikarabati, na mwaka 2021 likawa hoteli yenye vyumba visivyofika 20. Hati iko kwa dola, kama unavyopenda. Anayelala pale anatembezwa kasri baada ya wengine kutoka. Hilo nalo mtalilalamikia?

Dada_wa_Stesheni

Nalilalamikia, ndiyo. Hoteli haikuuza chumba tu hapo, imeuza na ukimya wa kasri la taifa.

Zamu_ya_Usiku

Nimekaa mapokezi ya hoteli za namna hii miaka mingi, mniruhusu. Hoteli ya mjini inahitaji watu wa nje kuliko mnavyodhani. Wanaolala huwa wameshatoka mchana, hawajazi mgahawa, wala hawatoshi kwa baa. Mlango mara nyingi uko wazi. Kinachokuzuia ni macho ya mlinzi yakitua kwenye viatu vyako. Agiza kahawa, kaa, tazama dari. Ndiyo, kahawa ile itauma mfukoni.

Halafu kwa wale wanaopanga safari kweli, maana mada imeanzia huko: msikimbilie wiki za ufunguzi. Tarehe husogezwa, lifti zinagoma, maji ya moto yanachelewa ghorofa za juu, na wahudumu bado hawajuani majina. Bei haipungui kwa sababu hiyo. Subirini miezi kadhaa. Na kabla ya kulipa ulizeni kama chumba kiko kwenye jengo la zamani au kwenye kiambatisho. Picha ya tangazo ni ngazi ya kihistoria, kisha unajikuta umelala kwenye bawa lililojengwa juzi, dirisha linatazama mashine za viyoyozi.

Ramani_Kongwe

Mbona hakuna aliyeitaja Hispania? Dola kule inaendesha hoteli yenyewe. Mtandao wa Paradores upo tangu 1928, una hoteli karibu mia, na nyingi zimo ndani ya makasri, monasteri na majumba ya kale. Ule wa Santiago de Compostela, mji wa hija ya miguu, ulikuwa hospitali ya mahujaji, ulioamriwa kujengwa mwaka 1499 na watawala Isabel na Fernando. Umekuwa hoteli tangu 1954, na desturi ya kuwapa chakula bure mahujaji kumi wa mwanzo wa siku imedumu. Hiyo ni hoteli ya kufungia safari, tena safari ya miguu.

Tofali

Na mwaka 2012 Paradores hao hao walikuwa kwenye hasara hadi wakapunguza wafanyakazi. Hasara ya mwekezaji ni yake. Ya dola inakuja kwangu na kwako.

Ramani_Kongwe

Hakuna shida, ije. Barabara nazo hazileti faida.

Dada_wa_Stesheni

Mleta mada, nina swali juu ya hati yako. Hotel Okura ya Tokyo ilikuwa mali binafsi tangu ilipofunguliwa 1962. Ukumbi wake wa mapokezi, uliobuniwa na Yoshiro Taniguchi, ulipendwa dunia nzima. Watu wakaomba usibomolewe, ukabomolewa 2015. Ilipofunguliwa upya 2019, ukumbi ule uliundwa tena na mwanawe, Yoshio Taniguchi, taa na viti vikiwa kama vya zamani. Hapo hapakuwa na hati ya dola ya kupigania. New York nako Waldorf ni ya mwekezaji, lakini tume ya jiji ya kulinda urithi iliorodhesha kumbi zake za ndani Machi 2017, mwezi ule ule ilipofungwa, na ikamfunga mikono mwenye mali. Sioni hati ikiokoa kitu hapo. Naona sheria.

Mwendambali

Sheria ya urithi inalinda dari, dada. Hailindi haki ya mtu kuingia akalitazama. Kumbi za Waldorf zimeorodheshwa, lakini anayeamua nani akae ndani bado ni hoteli.

Ndiyo maana mfano wangu mkubwa ni Posta ya Washington. Jengo ni la serikali kuu, limepangishwa kwa mkataba wa miaka 60 uliotiwa saini 2013. Hoteli ilifunguliwa 2016 kwa jina la Trump, mwaka 2022 ikauzwa haki ya upangaji ikawa Waldorf Astoria. Wakati wote huo mnara wake wa saa umebaki mikononi mwa Idara ya Hifadhi za Taifa. Unapanda bure, unaiona Washington yote, unashuka. Mpangaji alibadilika na jina likabadilika, mnara haukuguswa.

Dada_wa_Stesheni

Na mlango wa mnara huo si ule wa hoteli. Unapita pembeni.

Mwendambali

Unapita pembeni, ndiyo. Naupokea huo, maana hakuna meneja anayeweza kuufunga akiamka vibaya. Kama kuna mkataba unaompa mwananchi mlango wa mbele, uweke hapa na mwaka wake, nitaupigia debe mimi mwenyewe.