Sarafu ya Kirumi yenye picha za kijeshi: nianze na ipi?

Kijana wa Moro: Wakuu, natafuta sarafu moja ya Kirumi yenye picha ya kijeshi. Nimebakiza tatu: dinari (sarafu ya madini ya fedha) ya jemadari Marcus Antonius, IVDAEA CAPTA ya Kaisari Vespasianus, na GLORIA EXERCITVS ya Kaisari Constantinus. Mfuko wangu mdogo.

Mzee wa Shaba: Ya Constantinus. Maandishi yake yana maana ya "utukufu wa jeshi". Ilianza kufuliwa mwaka 330 hivi, kwa wingi mno, kuanzia Trier (Ujerumani ya leo) hadi Antiochia (Uturuki ya leo), kwa hiyo bei yake hainyanyasi. Mwanzoni ina askari wawili na bendera mbili za kikosi katikati yao. Miaka michache baadaye sarafu ikapunguzwa uzito, na bendera ikabaki moja. Ukiziweka zote mbili kiganjani utaihisi tofauti. Herufi zilizo chini ya miguu ya askari hutaja mji ilikofuliwa.

Binti Pangani: Shikamoo mzee, ila hapo sikubaliani nawe. Askari wale hawana sura, ni mikuki na ngao tu. Ya Vespasianus ina mtu, na maandishi yake yana maana ya "Yudea imetekwa". Yerusalemu, mji wa Yudea, ilianguka mikononi mwa Warumi mwaka 70, na kwenye zile kubwa za shaba unamwona mwanamke ameketi chini ya mtende, ameinamisha kichwa kwa majonzi. Kwenye baadhi yake Kaisari amesimama upande wa pili wa mtende, mkuki mkononi, mguu juu ya kofia ya vita. Inaniumiza kila nikiitazama, na siwezi kuacha kuitazama. Kubwa ni ghali; tafuta dinari, mwanamke yuleyule yuko kando ya silaha zilizotekwa.

Fundi Mizani: Antonius hakuwa kaisari, lakini usimpite. Alizifua mwaka 32 hadi 31 KK, kabla ya vita vya Actium alivyoshindwa na Octavianus, awalipe askari wake. Huku merikebu ya makasia, huku tai kati ya bendera mbili, pamoja na namba ya kikosi cha jeshi. Fedha yake ilikuwa hafifu, hivyo watu walificha dinari nzuri wakatumia hizi. Nyingi zimelika. Ukiweza kusoma namba, umeshika mshahara wa askari.

Kijana wa Moro: Dada, huyo mwanamke amenikaa moyoni, ila sifiki bei. Mzee, nachukua ya bendera mbili. Bandia nitaijuaje?

Mzee wa Shaba: Marahaba binti. Kijana, anza na ukingo. Halisi ilipigwa kwa nyundo. Ya kumimina kwenye kalibu mara nyingi huacha mstari wa maungio ukingoni na vitundu vidogo usoni. Ukiipata halisi, usiisugue kwa ndimu.