Safari ya siku moja kwenye kisiwa kilichotulia: tupeane uzoefu wa kuipanga

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, habari za leo. Familia yetu inakusudia kuwachukua wazazi wetu, ambao magoti yao hayana tena nguvu ya zamani, pamoja na wajukuu wao wadogo ambao bado hawajaanza shule, tukashinde Mbudya au Bongoyo na kurudi jioni. Tunachokitaka ni utulivu, mahali ambapo Baba anaweza kukaa kivulini, akala samaki wake na kuzungumza bila kupaza sauti. Nauli za boti nimeshaziulizia, na ada si jambo la kunitatiza, kwa kuwa visiwa hivi viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975 na utaratibu wa malipo yake unajulikana. Ninachokitafuta ni yale ambayo matangazo ya safari hayayaandiki. Ninyi mliokwisha kushinda kwenye kisiwa chochote cha pwani yetu, ni jambo gani lililoifanya siku yenu iende vizuri au iharibike? Tafadhali elezeni kwa kirefu, kwani majibu yenu nitawasomea wazazi wenyewe.

Mchangiaji wa Mbezi Beach

Dada, sisi huenda Mbudya kwa kupandia Kunduchi, na mwendo wake ni mfupi kiasi kwamba watoto hawapati muda wa kuchoka. Kuhusu utulivu, nitakueleza waziwazi: Mbudya ya Jumamosi na Mbudya ya Jumanne ni visiwa viwili tofauti. Jumamosi, na hasa sikukuu, utakuta kila banda la makuti lina watu, spika zinashindana, na samaki uliyemwagiza mchana anafika alasiri. Siku ya kazi unaweza kuchagua banda, ukapewa samaki wa kukaanga na chipsi bila kungoja sana, na ukasikia upepo kwenye mivinje. Kama ruhusa ya kazini inapatikana, itumieni hapo.

Jambo la pili ni kwamba hakuna gati. Boti inasogea ufukweni, mnashuka majini, na mnatembea hadi mchangani. Kwa kijana hilo ni sehemu ya starehe, lakini kwa mzee mwenye magoti mabovu ndiyo saa ngumu kuliko zote, nayo huja mara mbili, wakati wa kufika na wakati wa kuondoka. Mkwe wangu alishuka boti ikiwa imesimama mbali kwa sababu maji yalikuwa yamepwa, akalazimika kutembea kwenye mawe yenye utelezi huku ameshikwa mikono yote miwili, na tangu siku hiyo akialikwa kisiwani husema ana mgeni nyumbani.

Ukifika, waweke wazazi upande wa magharibi unaotazama bara, ambako ndiko kwenye mchanga. Upande wa mashariki ni majabali makali ya matumbawe yanayopigwa na bahari kuu, na watoto wasiende huko peke yao. Maji ya kunywa chukueni ya kutosha kutoka nyumbani, kwani kila kinachouzwa kisiwani kimevushwa kwa boti na bei yake inalijua hilo.

Mchangiaji wa Unguja

Kwa wanaofikiria kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, huko hamwendi kwa kushtukiza. Idadi ya wageni inadhibitiwa, na wa kutwa hupokewa pale tu ambapo nafasi ipo, kwa hiyo ni lazima kuomba mapema. Ni kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na matumbawe ambayo wavuvi wa zamani waligeuka kuwa walinzi wake. Utulivu wake hauna mfano, ila bei yake si ya familia kubwa.

Mchangiaji wa Kwale, Kenya

Nami nichangie kuhusu kisiwa cha Wasini, ambako hakuna gari hata moja na ambako kelele kubwa ya asubuhi ni ya jogoo. Wengi huja Shimoni, kijiji cha bara kinachopandiwa boti, alfajiri kutoka Diani au Mombasa, wakapelekwa moja kwa moja kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kisite kuwatazama pomboo na samaki wa matumbawe, kisha wakaletwa Wasini kula kaa na wali wa nazi, na saa tisa wako tena Shimoni. Hiyo ni safari nzuri, lakini ni ya mbio. Sisi mara ya mwisho tuliigeuza: tulikubaliana na nahodha wa kijijini kwamba Kisite tutakwenda kwa muda mfupi tu, na sehemu kubwa ya siku tutakuwa Wasini. Wazee waliobaki kijijini waliongozwa kwenye bustani ya matumbawe inayotunzwa na kikundi cha wanawake, ambako mmejengwa njia ya mbao juu ya majabali ya ajabu yaliyokuwa chini ya bahari zamani. Njia hiyo ina sehemu ambazo mbao zimechakaa, kwa hiyo mzee ashikwe mkono, lakini hakuna kupanda wala kushuka sana.

Nikupe tahadhari ambazo wageni wengi hawapewi. Wasini haina maji yasiyo ya chumvi ya kutegemewa, na wenyeji hukinga maji ya mvua, kwa hiyo si adabu mgeni kuomba ndoo ya kuogea kana kwamba yuko mjini. Ni kijiji cha Waislamu, hivyo nguo za kuogelea zibaki kwenye boti, na leso mbili za kujitanda zinatosha kumstahi mwenyeji. Na tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi za Kenya, zikiwemo za baharini, kwa hiyo maji yachukuliwe kwenye chupa au dumu la kujazwa tena.

Mchangiaji wa Kunduchi

Nimesoma yote kwa makini, na naona kila mmoja amelitaja jambo lenyewe bila kulisimamia. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya mvuvi, na kwetu hakuna anayeuliza kwanza tunakwenda kisiwa gani; huulizwa mwezi una siku ngapi.

Utaratibu wa pwani yetu ni huu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, huwa ni bamvua: maji hupwa sana majira ya saa nne asubuhi, na hujaa sana majira ya saa kumi jioni. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika takribani hamsini. Ukihesabu hivyo, ikifika tarehe saba au nane, na tena 22 au 23, hali imegeuka: maji hujaa saa nne na kupwa saa kumi, lakini hayo ni maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Sasa tuutazame mpango wa dada yetu kwa hesabu hiyo. Familia ya mjini huondoka nyumbani saa tatu na kufika kisiwani saa nne. Wakienda siku ya bamvua, watafika maji yakiwa yamekwenda mbali kabisa, na wazazi watashuka kwenye mawe kama yule mkwe wa ndugu wa Mbezi. Wakienda tarehe saba, watashuka vizuri, lakini wakati wa kurudi maji yatakuwa yamepwa. Siku zinazowafaa wao ni tarehe tisa hadi 11, au 24 hadi 26, kwa sababu maji hujaa majira ya saa sita mchana hivi. Asubuhi wanashuka maji yakiwa yanajaa, mchana watoto wanaogelea karibu na banda, na wakiondoka saa tisa au saa kumi maji bado hayajakimbia.

Anayetaka kwenda kwenye fungu la mchanga apige hesabu kinyume chake, kwa maana fungu huonekana maji yakipwa. Huyo achague tarehe tatu hadi tano au 18 hadi 20, apate mchanga mkavu saa sita mchana.

Mchangiaji wa Mikocheni

Kaka, kwa heshima, hesabu za mwezi mwandamo tumewaachia wazee. Simu yangu inanionyesha saa ya maji kujaa na kupwa kwa kila siku ya mwaka, na kimo chake kwa mita.

Mchangiaji wa Kunduchi

Ni kweli, na mimi ninayo pia. Lakini jedwali hilo utalifungua baada ya kuchagua siku, nawe siku yenyewe umeshaichagua kwa kutazama likizo. Mwenye hesabu ya mwezi kichwani anajua tangu sasa ni Jumanne zipi za mwezi ujao zinafaa. Tumieni vyote viwili, ila msiwe kama yule anayelipia boti kwanza na kuuliza bahari baadaye.

Mwalimu, Lindi

Ninaunga mkono hoja ya Kunduchi kwa ushahidi wa Kilwa. Kila mwaka tunawapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani, ambako ni mvuko mfupi tu kutoka Kilwa Masoko. Kibali hutafutwa mapema kule Masoko, na mwongoza wageni huambatana nanyi. Ingawa magofu yake, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yako kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, mtu anaweza kushinda pale asubuhi nzima asikutane na kundi jingine. Mnashuka karibu na Gereza, ile ngome ya kale, mnatembea hadi Msikiti Mkuu, kisha wenye nguvu wanaendelea hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hassan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Matembezi hayo hayana kivuli cha kutosha, na ndiyo maana nawashauri wenye wazee waishie msikitini.

Lakini Songo Mnara ni habari nyingine. Boti hukaribia kwa kupitia mikoko, na maji yakiwa yamepwa hakuna namna ila kukanyaga matope. Mwaka mmoja ratiba ya shule ilitupangia siku ya bamvua bila kumuuliza mtu yeyote wa baharini, na nahodha aliyetuchukua, mtu mwenye busara, alikataa kwenda Songo Mnara asubuhi. Alitushusha Kisiwani kwanza, akatuambia tule chakula huko, na tulipoondoka alasiri maji yalikuwa yanajaa. Wanafunzi walifika kwenye magofu bila viatu vyao kulowa sana, ingawa tulirudi Masoko jua likiwa limezama, jambo ambalo kwa wazazi wa dada yetu nisingelipendekeza.

Mchangiaji wa Chake Chake

Kisiwa chetu kilichotulia ni Misali, magharibi ya Pemba, kilichotengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Hakina wakazi wa kudumu isipokuwa wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi kwa muda, nao wana haki zao pale kabla ya mgeni. Wazee wetu husimulia kwamba Nabii Khidhr alifika hapo, akaomba mkeka wa kuswalia, na alipokosa akaswali juu ya kisiwa chenyewe kama ndio mkeka. Kwa hiyo hata anayekwenda kuogelea anatakiwa ajue kwamba yuko mahali pa heshima, na kwamba mapango ya huko si ya kuingia bila kuongozwa.

Katika upangaji naomba niongeze suala la upepo, kwa sababu Misali ni mbali kuliko Mbudya na hapo ndipo upepo unapojulikana. Kusi, yaani upepo wa kusini, likishika, Juni hadi Agosti, bahari huwa tulivu asubuhi na huchafuka kuanzia saa sita, kwa hiyo safari ya kwenda huwadanganya watu kuhusu safari ya kurudi. Sisi tukienda wakati wa kusi huondoka mara baada ya Alfajiri na kurudi kabla ya Adhuhuri, na chakula tunakula nyumbani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, hatuendi kabisa, hata kama boti imeshalipiwa. Mwenye boti anayekusihi uende siku ya angalizo, au asiyekuwa na jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, pamoja na madogo ya watoto, usimpe nafasi ya pili.

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Nimewasomea wazazi, na Mama amecheka sana kuhusu yule mkwe wa Mbezi. Tulikuwa tumepanga Agosti, Jumamosi, kuondoka nyumbani saa tatu. Sasa naona kwamba tulikuwa tumechagua upepo wa kusi, siku yenye watu wengi, na maji ambayo hatukuyaangalia kabisa. Tumeahirisha hadi mwanzoni mwa Oktoba, siku ya kazi, katika zile tarehe za tisa hadi 11 za mwezi mwandamo. Tutakwenda Mbudya na si Bongoyo, kwa kuwa Kunduchi ni karibu na kwetu. Swali langu lililobaki ni moja: hata maji yakijaa, Mama hawezi kuinua mguu kuvuka ukingo wa boti. Mnafanyaje?

Mchangiaji wa Kunduchi

Kiti cha plastiki, dada, kile chenye mikono. Mzee anakaa kitini mchangani, vijana wawili wanamwinua na kiti chake, wanamvusha maji hadi kwenye boti, na wenzao wawili walio ndani wanampokea bila yeye kukanyaga chochote. Mwelezeni nahodha mapema ili aisogeze boti kwa tezi, yaani upande wa nyuma, na aje na msaidizi, na mzee aingie mwisho na ashuke kwanza, asitikisike wenzake wanapopanda.

Mwanzilishi wa mada, Dar es Salaam

Viti vinapatikana kule, au tubebe chetu?

Mchangiaji wa Mbezi Beach

Mbudya kwenye mabanda vipo, lakini upande wa Kunduchi usivitegemee. Bebeni chenu, tena kile kizima, kisicho na ufa mguuni.