Naombeni ushauri: kempa ya kubebesha kwenye F-150, nimekwama

Mgeni_Columbus: Habari za muda huu wakuu. Niko Columbus, Ohio. Nina pikapu ya Ford F-150 ya 2016, milango minne, bodi fupi ya futi 5 na nusu. Nataka kempa, ile nyumba ndogo inayokaa juu ya bodi ya pikapu, siyo ya kuvuta. Kuna za kuta ngumu zenye jiko na choo, na kuna za paa la kunyanyua lenye turubai pembeni. Julai tunaenda Colorado. Ipi inafaa gari ya nusu tani? Hata usingizi sipati.

ChumviNyingi: Nusu tani ni mifuko kumi ya simenti. Choo utakiweka juu ya mfuko wa ngapi?

DerevaMrefu: Nusu tani limebaki jina tu, F-150 nyingi zinabeba zaidi ya hapo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika nyeupe yenye mstari wa njano. Inasema watu na mizigo kwa pamoja visizidi kilo ngapi. Hiyo tupe, na uzito wa kempa. Bila hivyo tunapiga ramli.

BintiPangani: Kaka, nyumbani umejenga? Maana huko mnanunua vyumba vya kutembea navyo huku mama analala kwenye nyumba inayovuja.

Mgeni_Columbus: Dada, mama nimeshamwezekea. Turudi kwenye mada. Muuzaji amesema gari inatosha, ameshawafungia wengi.

MzeeKobe: Mnanikumbusha mbali. Nimebeba nyanya za Ilula na Canter miaka sita. Siku moja tajiri akaongeza matenga ishirini, "hapa na Dar siyo mbali". Katikati ya mteremko wa Kitonga nakanyaga breki, mguu unazama kama kwenye ugali wa moto. Moshi unatoka kwenye tairi, utingo kashaning'inia mlangoni anataka kuruka. Tangu siku hiyo tajiri akisema "inatosha", namwambia apande yeye.

DerevaMrefu: Mgeni, mbona namba unazikwepa?

Mgeni_Columbus: Haya. Stika inasema 671. Kempa ni ya kuta ngumu, kilo 907 ikiwa kavu. Lakini nafunga mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma na tairi za plai 10, zile ngumu za mizigo. Na nimeshalipa kianzio dola 1,500, hakirudishwi.

ChumviNyingi: Kumbe ndoa imeshafungwa, sisi tumeitwa kula pilau.

DerevaMrefu: Mngapi safarini?

Mgeni_Columbus: Mimi, mama watoto na watoto watatu.

DerevaMrefu: Tuseme kilo 255, maana hata dereva anahesabiwa. Kavu maana yake haina maji, gesi wala sufuria. Galoni 20 za maji ni kama kilo 75. Jumla 1,237. Umezidisha 566 na unga hujapakia. Mifuko ya hewa inanyanyua makalio ya gari yasikae chini, basi. Ekseli ni ile ile, breki zile zile. Na kwa bodi fupi, uzito ukilalia nyuma ya ekseli, pua inakuwa nyepesi na usukani unaelea. Barabara kuu ya I-70, hiyo hiyo inayopita hapo kwenu, naiendesha na semi. Kule milimani Colorado, ukitoka Eisenhower Tunnel kushuka Silverthorne kuna njia za kuokolea malori yaliyoishiwa breki. Hazikujengwa kwa urembo.

Mgeni_Columbus: Mbona YouTube wanabeba hizo hizo na F-150?

MzeeKobe: Na wanaobaki korongoni wanapakia video saa ngapi?

Kidagaa: Samahani, naharibu kikao. Machi mtu huyu huyu alianzisha uzi yuko Mbagala, anauliza bodaboda ya mtumba. Leo yuko Ohio na F-150. Hii chai, na sukari haijakolea.

ChumviNyingi: 😂😂 Leteni vitafunwa.

BintiPangani: Na mimi nimeshamwaga ushauri wangu bure!

Mgeni_Columbus: Akaunti natumia na mdogo wangu, bodaboda ilikuwa yake. Picha ya stika hiyo hapo, na risiti ya kianzio nimefunika jina.

Kidagaa: Risiti kila mtu anachapa.

DerevaMrefu: Stika ni ya kweli, nazijua. Mgeni, kawaambie wakubadilishie kianzio kiende kwenye ya turubai, nyepesi zipo chini ya kilo 400, watoto wawili walale kwenye hema. Usipotaka, pakia kila kitu na familia, pita mzani wa kituo cha malori. Utalipa dola chache, karatasi ikuambie wewe mwenyewe.

Mgeni_Columbus: Mama watoto anataka choo.

MzeeKobe: Hapo sasa hata Kitonga ni nafuu.

Kidagaa: Mdogo wako bodaboda alipata kwa ngapi? Natafuta.