Mume wangu anaingia mbio za dragi kwa mara ya kwanza, naenda na watoto na bibi yao. Nijiandae vipi?

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Jumamosi hii mume wangu anaingiza gari letu kwenye mbio za dragi, magari mawili yanashindana kwenye njia mnyoofu, zile za watu wa kawaida. Ni gari hilihili la kupeleka watoto shule, otomatiki, hajaligusa zaidi ya kubadilisha plagi na oili. Siku hii ameingoja miaka, kwa hiyo nataka tuwepo wote: binti yetu wa miaka 9, mdogo wake wa miezi 14, na mama mkwe ambaye ameshatangaza kwamba haachwi nyumbani.

Nina wasiwasi na mambo mawili. La kwanza ni kelele kwa huyu mdogo. La pili, binti yangu asipoelewa kinachoendelea hatulii hata dakika kumi, na kusema kweli mimi mwenyewe sielewi. Nimetazama video: gari chakavu linaruhusiwa kuondoka, lile lenye nguvu limesimama linangoja, halafu aliyefika kwanza anaambiwa ameshindwa. Hapo inakuwaje?

MkeWaDereva

Karibu sana dada. Mimi nimemsindikiza mume wangu misimu 11, watoto watatu wamekulia huko, kwa hiyo nakuandikia kama ambavyo ningependa mtu aniandikie mwaka ule wa kwanza.

Masikio kwanza. Huyo wa miezi 14 usimwekee vizibo vya kuchomeka ndani ya sikio. Atavitoa, kisha atavitia mdomoni na kupaliwa. Tafuta vile vya kufunika sikio zima, saizi ya mtoto, na anza kumvalisha leo hapo nyumbani, dakika chache kila mara. Vikiwa vigeni kwake siku ya mbio atalia na kuvivua gari linapowashwa. Magari yenye ekzosi wazi hupita desibeli 100 bila shida, na sauti ya desibeli 85 tu ikidumu saa nyingi inatosha kuharibu usikivu. Msikae karibu na mstari wa kuanzia, na kila baada ya muda mpeleke mbali kabisa apumzike. Bibi naye avae. Akikataa, mwambie mjukuu anamwangalia yeye.

Sasa hilo la aliyefika kwanza kushindwa. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, na ndiyo sababu gari lenu la shule linaweza kushindana na gari la kutisha. Njia ni mnyoofu, robo maili, yaani mita 402. Viwanja vingine hukimbia nusu yake, mita 201. Kabla ya mzunguko, yaani kila pambano la magari mawili, kila dereva anatangaza muda anaoamini gari lake litatumia, na muda huo unaandikwa kwenye kioo. Tuseme mumeo ameandika sekunde 16.30 na mpinzani 12.80. Mumeo anawashiwa taa ya kijani sekunde 3.50 kabla ya mwenzake. Wote wawili wakiendesha vizuri, wanafika mwisho karibu pamoja.

Ila kuna mtego. Ukikimbia haraka kuliko muda uliouandika, umevunja ahadi yako mwenyewe na umeshindwa, isipokuwa mwenzako naye amevunja yake kwa tofauti kubwa zaidi, au ameondoka kabla ya kijani akawashiwa nyekundu. Anayeshinda ni yule anayelijua gari lake.

Mwelekeze binti yako macho kwenye ule mlingoti wa taa, watu wanauita mti wa Krismasi. Juu kuna taa ndogo zinazoonyesha tairi la mbele limekata mwanga wa kipimo. Zikishawaka kwa madereva wote wawili, zinashuka tatu za njano, nusu sekunde kati ya moja na nyingine, halafu kijani. Na hapa hata watu wazima huchanganyikiwa: saa ya gari haianzi kijani kinapowaka, inaanza tairi linapoondoka kwenye ule mwanga. Baba akisinzia kwenye kijani, muda wa gari hauharibiki hata kidogo, lakini mbio zimempita.

Kila baada ya kukimbia, dereva hupewa kikaratasi chenye namba: alichelewa kiasi gani kwenye taa, mita 18 za mwanzo zilimchukua muda gani, muda wote, na kasi ya mwisho. Nakuomba sana, mpe binti yako daftari awe mtunza namba wa baba. Wangu alianza na miaka 8. Aandike kila kitu, saa, jua, upepo. Mtoto mwenye kazi hatakuuliza mnaondoka lini.

FundiGia

Shemeji, upande wa gari ni mfupi. Wakaguzi wataangalia betri imefungwa imara, nati za magurudumu zimekazwa, mkanda ni mzima, na hakuna kinachovuja. Atoe kila kitu kinachoviringika ndani, hadi mpira wa mtoto chini ya kiti. Avae suruali ndefu na viatu vya kufunika. Helmeti avae hata asipolazimishwa. NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, huidai kwa gari la sekunde 13.99 kushuka chini, lakini kichwa ni kichwa.

AC aizime tangu kwenye foleni, maana maji yake yanadondoka njiani na kumhatarisha anayefuata. Na lile dimbwi dogo wanaloanzia kuchoma matairi, yaani kuyazungusha papo hapo yapate moto, alizunguke. Matairi ya barabarani yana mifereji, yatabeba maji hadi kwenye mstari na gari litateleza.

Piti_Namba_7

Mpitisheni mtoto kwenye piti, pale magari yanapoandaliwa, aone magari yakiwa yamefunguliwa boneti. Omba ruhusa kwanza, wengi watafurahi kumwonyesha. Na akikuuliza kama wasichana wanaendesha, mwambie habari za Shirley Muldowney: alikuwa bingwa wa NHRA wa Top Fuel, daraja la kasi kuliko yote, mwaka 1977, 1980 na 1982.

MamaWawili

Tumerudi jana usiku, nawashukuru wote kutoka moyoni. Mdogo alilala na vifuniko vyake masikioni. Bibi alivaa bila ubishi alipomwona mjukuu amevaa.

Majaribio ya saa tisa alasiri: 16.42, kisha 16.34, kisha 16.33. Mume wangu akaandika 16.30. Mzunguko wa kwanza alishinda, mwenzake aliwashiwa nyekundu, nami nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wa pili ulikuja jua limeshazama. Alifika mbele, tukarukaruka wote, halafu taa ya ushindi ikawaka upande wa pili. Kikaratasi kilisema 16.21.

Alikaa kwenye usukani kimya. Binti akamfungulia daftari. Chini ya mzunguko wa pili, kwa penseli, alikuwa ameandika: "Upepo baridi. Bibi amevaa sweta." Baba yake aliusoma ule mstari mara mbili, kisha akambusu kwenye paji la uso. Hewa ilikuwa imepoa, injini ikapata nguvu, na mwenye kulijua hilo alikuwa jukwaani na penseli yake.

Mwezi ujao tunarudi. FundiGia, jioni ikipoa namna ile apunguze kiasi gani kwenye muda anaouandika?

FundiGia

Asikisie, shemeji. Kila gari lina tabia yake. Muda anaweza kuubadilisha kabla ya kila mzunguko, kwa hiyo akimbie majaribio mawili mchana na moja jioni, binti aandike joto la hewa kila mara. Siku tatu nne za daftari hilo zitampa jibu. Na kabla ya kuandika kwenye kioo, amwangalie bibi.