Uasi wa silaha kwenye fantasia: lini msomaji anakubali kwamba ni haki?

Mchonga Kalamu
Habarini wanajamvi. Naandika riwaya ya fantasia yenye sura 30. Makuhani wa bonde fulani wanamiliki mvua, na kila kaya inatoa mtoto mmoja hekaluni kila baada ya miaka saba. Majina ya kaya zinazodaiwa yanachorwa kwenye vibao vya udongo. Mhusika mkuu ni binti wa mfinyanzi. Sura ya 9 anaongoza watu, wanachoma hekalu pamoja na ghala la nafaka (magunia 900), wanaua makuhani na walinzi. Waliosoma rasimu wamegawanyika: wengine wanamwona mkombozi, wengine muuaji tu. Sitaki kumfanya kuhani mkuu kuwa shetani mwenye pembe ili mambo yawe mepesi. Pia kuna hirizi inayozuia mishale. Je, uasi huu una haki, na nifanye nini uonekane hivyo?

Kibatari
Mkuu, rudi kwenye sura nane za mwanzo uhesabu: watu wa bonde wamejaribu njia ngapi kabla ya moto? Kama jibu ni "hakuna", au limo kwenye aya moja ya muhtasari, wanaomwita muuaji wana hoja.

Angalia Afrika Kusini. Tarehe 21 Machi 1960 polisi wa serikali ya ubaguzi wa rangi waliua watu 69 waliokuwa wakiandamana Sharpeville. Mwezi uliofuata ANC, chama cha Waafrika kilichopinga ubaguzi huo, ikapigwa marufuku. Mei 1961 ukaitishwa mgomo wa kukaa nyumbani, serikali ikaujibu kwa jeshi. Ndipo tarehe 16 Desemba 1961 Umkhonto we Sizwe, jeshi la siri la ANC, ikaanza kulipua. Na hata hapo kulikuwa na ngazi: mwaka 1964, akiwa kizimbani, Mandela, mmoja wa waanzilishi wake, alieleza kwamba walikuwa na njia nne mbele yao, yaani hujuma, vita vya msituni, ugaidi na mapinduzi ya wazi, wakachagua hujuma kwanza kwa kuwa haikulenga kutoa roho za watu na iliacha nafasi ya kuishi pamoja baadaye.

Kwa hiyo andika angalau majaribio matatu, kila moja na tukio lake kamili. Wazee wapeleke ombi. Wafinyanzi wagome kutengeneza vibao. Kaya zijaribu kuhama bonde. Kila jaribio lizimwe na mtu mwenye jina, kwa sababu inayoeleweka akilini mwake. Kuhani anayekataa ombi kwa kuwa anaamini kweli kwamba mvua itakatika anatisha kuliko anayecheka kwa dharau. Ukifanya hivyo moto utasogea wenyewe hadi sura ya 14 au 15, na sioni hasara yoyote.

Ghala ndilo linaloniudhi zaidi. Mtu mzima anahitaji kama nusu kilo ya nafaka kwa siku. Watu 500 wanakula kilo 250, yaani magunia mawili na nusu ya kilo 100. Magunia 900 ni chakula chao cha siku 360. Binti yako amechoma mwaka mzima wa uhai wa watu anaodai kuwakomboa, na hakuna msomaji makini atakayemsamehe kwa hilo. Avunje kufuli, agawe nafaka.

Bint Mrima
Nakubaliana na Kibatari kuhusu milango iliyofungwa, yaani njia za amani zilizozimwa, ila naongeza kwamba milango hiyo inategemea nchi uliyoijenga. Shaaban Robert katika riwaya yake Kusadikika alimpa mshitakiwa Karama ushindi kwa hoja mbele ya baraza, na wajumbe sita waliofungwa wakaachiwa huru. Ushindi ule unakubalika kwa sababu baraza lile, pamoja na uonevu wake wote, bado linakaa kitako kumsikiliza mshitakiwa hadi mwisho. Kama kwenye bonde lako kuna chombo cha namna hiyo, panga la binti yako linapoteza haki yake. Kama hakipo, tuonyeshe kwamba hakipo.

Sasa hirizi. Hapa nakusihi usome vizuri vita vya Maji Maji, uasi dhidi ya Wajerumani Tanganyika, kabla ya kuendelea. Chanzo kilikuwa wazi: mashamba ya pamba ya kulazimishwa chini ya maakida na majumbe (wasimamizi wa utawala wa Kijerumani vijijini), ambako mgawo wa senti 35 kwa mtu ulikataliwa na baadhi ya wafanyakazi wenyewe. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba. Kinjikitile wa Ngarambe, aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vichanga kabisa, lakini maji yaliendelea kusambaa bila yeye. Tarehe 30 Agosti maelfu waliivamia boma ya Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Kisha Wajerumani wakachoma vijiji, mashamba na akiba za chakula kwa makusudi. Makadirio ya juu ya waliokufa ni kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Kilichofanywa na maji yale ni kuwaunganisha watu wa makabila mengi ambao hawakuwahi kupigana upande mmoja. Hiyo ndiyo nguvu ya kuiandika. Hirizi yako ikizuia mishale kweli, kila wakati, bila gharama, binti hahatarishi chochote, na anachofanya hekaluni ni kuchinja watu wasioweza kumdhuru. Nakushauri uchague moja. Ama iwe na mpaka unaojulikana mapema (tuseme inazuia mshale mmoja kwa kila siku ya kufunga), ama nguvu yake iwe imani tu, na kiongozi ajue hivyo. Hilo la pili ni gumu zaidi kimaadili: anawapeleka watu kwenye mishale akijua. Mimi ningeandika hilo.

Mpiga Mbizi
Wakuu, naomba nipinge kidogo. Hoja ya "njia zote zilishindikana" ina nguvu katika historia kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyepanga zishindikane. Kwenye riwaya mwandishi ndiye aliyefunga kila mlango, halafu anatuambia panga lilikuwa lazima. Hakuna orodha ya majaribio itakayoliondoa hilo. Kinachosaidia ni kuwapa sura wanaouawa. Mleta mada kasema "makuhani na walinzi" kama vile ni kundi moja. Anayechagua watoto, mlinzi aliyechukuliwa kijijini akiwa na miaka 15, mpishi, na mtoto wa zamani ambaye sasa ni kuhani mdogo: hao ni watu wanne wenye hatia tofauti. Mlinzi mmoja awe anatoka kaya ya jirani. Halafu tuone nani alinyoosha mkono kuzuia na nani hakunyoosha.

Pia usimalizie hadithi siku ya ushindi. Uasi wa Wazanji karibu na Basra, Iraki ya leo, mwaka 869 hadi 883, ulianza na watumwa waliokuwa wakikwangua ardhi ya chumvi, kazi ya kuvunja mgongo. Sababu yao nani ataikataa? Lakini mwaka 871 waliiteka Basra kwa mauaji makubwa, na wao wenyewe wakachukua mateka kuwa watumwa. Tenga sura tano au sita za baada ya hekalu. Nani anaitawala mvua sasa? Mtoto wa kuhani mkuu anafanywa nini?

Mchonga Kalamu
Nashukuru sana, ghala litabaki limesimama. Bado nataka hekalu liungue, kwa sababu vibao vya madeni vimo ndani na lazima vipotee.

Kibatari
Ndugu, ni binti wa mfinyanzi huyo! Vibao vibichi ukivitia moto vinakuwa vigumu na vitadumu. Ninawi, mji mkuu wa Ashuru ya kale, ilipochomwa mwaka 612 KK, vibao vya udongo vya maktaba ya mfalme Ashurbanipal vilisalimika kwa maelfu, na moto ulivikomaza vingi. Udongo uliokaushwa juani tu unayeyuka ukilowekwa majini, mradi wavipasue vipande kwanza, kwani kibao kinene hulainika nje huku katikati kikibaki kikavu. Yeye atalijua hilo, makarani hawalijui. Wavibebe hadi kwenye birika la makuhani, walinzi wawekwe chini ya ulinzi badala ya kuuawa, na idadi ya maiti kwenye sura yako itapungua kwa zaidi ya nusu.

Bint Mrima
Na vibao ambavyo baba yake alikwisha kuvichoma tanuruni haviyeyuki hata vilale majini mwaka mzima. Hivyo lazima vipondwe kwa nyundo, kimoja kimoja, na vina majina ya watoto.